Sera ya uraia wa kidijitali shuleni

Sera ya uraia wa kidijitali shuleni ni maandishi rasmi yanayoeleza jinsi wanafunzi, walimu, wafanyakazi na wazazi wa shule wanavyotakiwa kutumia kompyuta, simu, intaneti na mitandao ya kijamii. Hueleza pia haki zao wanapotumia vyombo hivyo na hatua zinazochukuliwa mambo yanapokwenda kombo. Inatofautiana na kanuni za kawaida za maabara ya kompyuta kwa kuwa haiishii kwenye makatazo. Inataja yale ambayo shule inawajibika kuyafundisha, na yale ambayo shule yenyewe hairuhusiwi kumtendea mwanafunzi.

Sera za namna hii zilianza kuenea Marekani mwanzoni mwa karne ya 21, kisha zikaigwa au kutungwa upya katika nchi nyingine. Katika Afrika ya Mashariki, sheria za kulinda taarifa binafsi zilizotungwa tangu mwaka 2019 zimelifanya suala hili liguse hata shule isiyo na kompyuta. Shule kama hiyo pia huweza kutunza majina na matokeo ya wanafunzi, kupiga picha za mahafali na kuwasiliana na wazazi kwa makundi ya WhatsApp.

Maana ya uraia wa kidijitali

Uraia, kwa maana ya kawaida, ni uhusiano wa mtu na nchi yake, wenye haki na wajibu. Uraia wa kidijitali hulichukua wazo hilo na kulipeleka mtandaoni: mtu anayetumia intaneti anaishi pamoja na wengine huko, ana haki ya kulindwa na kusikilizwa, na ana wajibu wa kutowadhuru wenzake.

Mwaka 2004 Mike Ribble, Gerald Bailey na Tweed Ross wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Marekani, walieleza mambo tisa yanayounda uraia huo. Orodha yao, kama ilivyorekebishwa baadaye, imetumiwa na shule nyingi kama msingi wa kuandika sera:

1. Upatikanaji: kila mwanafunzi apate nafasi ya kutumia teknolojia.
2. Biashara: kununua na kuuza mtandaoni bila kutapeliwa wala kutapeli.
3. Mawasiliano: kujua ujumbe gani unafaa kutumwa kwa nani na kwa njia ipi.
4. Ujuzi: kujifunza kutumia vyombo vya kidijitali na kupima ukweli wa habari.
5. Adabu: kuwatendea wengine kwa heshima.
6. Sheria: kujua kwamba matendo ya mtandaoni yanaweza kuwa makosa ya jinai.
7. Haki na wajibu: uhuru wa kujieleza pamoja na mipaka yake.
8. Afya: kulinda macho, mgongo, usingizi na utulivu wa akili.
9. Usalama: kulinda nywila, vifaa na taarifa binafsi.

Baadaye Ribble aliyapanga mambo hayo katika makundi matatu: heshima, elimu na ulinzi.

Wataalamu wengine wamelielewa neno hili kwa namna tofauti. Katika kitabu chao cha mwaka 2008, Karen Mossberger, Caroline Tolbert na Ramona McNeal walieleza kwamba raia wa kidijitali ni mtu anayetumia intaneti mara kwa mara na kwa ufanisi, kiasi cha kuweza kushiriki katika maisha ya jamii yake. Kwa mtazamo huo, tatizo kubwa ni la watu wanaobaki nje ya mtandao kuliko la wanaoutumia vibaya. Mitazamo yote miwili huonekana katika sera za shule: mmoja hujali mwenendo, mwingine hujali nafasi sawa.

Historia

Kutoka fomu ya makatazo hadi wajibu wa kufundisha

Shule za Marekani zilipoanza kuunganishwa na intaneti katika miaka ya 1990, nyingi zilitumia fomu ya matumizi yanayokubalika. Mwanafunzi na mzazi walitia saini kuahidi kwamba mwanafunzi hatafungua kurasa chafu, hataharibu vifaa na hatatumia nywila ya mwingine. Akivunja ahadi, alinyimwa kompyuta. Kwa kawaida fomu hizo hazikusema mwanafunzi atafundishwa nini.

Desemba 2000 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Kuwalinda Watoto kwenye Intaneti, maarufu kwa kifupi chake CIPA. Shule zinazopata punguzo la gharama za intaneti kupitia mpango wa serikali uitwao E-Rate zilitakiwa kuweka vichujio vya kuzuia picha chafu na kuwa na sera ya usalama wa intaneti. Sheria hiyo iliweka pia sharti ambalo halitajwi sana: kabla ya kupitisha sera, shule ilipaswa kutoa tangazo na kufanya angalau mkutano mmoja wa hadhara wa kuijadili.

Mwaka 2008 sheria nyingine iliongeza wajibu wa kufundisha. Kuanzia tarehe 1 Julai 2012, shule zinazonufaika na E-Rate zilitakiwa kuandika katika sera zao kwamba zinawaelimisha watoto kuhusu mwenendo unaofaa mtandaoni, mawasiliano na watu katika mitandao ya kijamii, na namna ya kutambua na kukabili uonevu wa mtandaoni. Hivyo kichujio peke yake hakikutosha tena.

Jimbo la Washington

Mwaka 2016 jimbo la Washington lilitunga sheria inayohusu uraia wa kidijitali moja kwa moja. Sheria hiyo inaueleza uraia wa kidijitali kuwa ni kanuni za mwenendo unaofaa, wa kuwajibika na wenye afya katika matumizi ya teknolojia, pamoja na uwezo wa kuzichambua habari na kuzitengeneza. Tangu mwaka wa masomo wa 2017-2018, kila wilaya ya shule inatakiwa kupitia upya sera zake za vyombo vya kielektroniki na usalama wa intaneti kila mwaka. Katika kazi hiyo wanatakiwa kuhusishwa wanafunzi, wazazi au walezi, walimu, walimu wakutubi, wafanyakazi wengine, viongozi wa shule na wanajamii wenye ujuzi wa mambo hayo. Kwa njia hiyo, ushiriki wa wanafunzi ulikuwa takwa la sheria badala ya hisani ya mkuu wa shule.

Umoja wa Mataifa

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 ulitungwa kabla intaneti haijaenea. Machi 2021 Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilitoa Maoni ya Jumla Namba 25, yanayoeleza jinsi mkataba huo unavyotumika katika mazingira ya kidijitali. Zaidi ya watoto 700 kutoka nchi mbalimbali walitoa mawazo yao wakati wa kuyaandaa. Maoni hayo yanasisitiza haki ya mtoto ya kupata habari, kutoa maoni na kuwa na faragha, na yanasema kwamba ulinzi wa mtoto usiwe kisingizio cha kumnyima haki nyingine.

Matukio yaliyoathiri utungaji wa sera

Kompyuta za Lower Merion

Wilaya ya shule ya Lower Merion, karibu na mji wa Philadelphia, iliwapa wanafunzi wake wa sekondari wapatao 2,300 kompyuta mpakato za kwenda nazo nyumbani. Ndani yake iliwekwa programu ya kutafuta kompyuta iliyoibwa au kupotea, ambayo iliweza kuwasha kamera kutoka mbali na kupiga picha bila mtumiaji kujua. Februari 2010 familia moja ilifungua kesi. Ilidai kwamba mtoto wao aliitwa na naibu mkuu wa shule na kushutumiwa kwa jambo alilodhaniwa kulifanya nyumbani, ushahidi ukiwa picha iliyopigwa na kompyuta hiyo.

Uchunguzi ulionyesha kwamba programu ilikuwa imekusanya makumi ya maelfu ya picha, zikiwemo picha za skrini. Wazazi hawakuwa wamearifiwa kwamba kamera inaweza kuwashwa, wala hapakuwa na kanuni za kutosha kuhusu nani ana mamlaka ya kuiwasha, kwa sababu gani na kwa muda gani. Oktoba 2010 wilaya ilikubali kulipa dola 610,000 kumaliza mashauri mawili. Tangu hapo kesi hii hutajwa kama mfano wa hatari ya sera inayombana mwanafunzi huku ikikaa kimya kuhusu mamlaka ya shule.

Ujumbe wa Jumamosi

Mwaka 2017 mwanafunzi wa jimbo la Pennsylvania aliyetajwa mahakamani kama B.L. alikosa nafasi katika timu kuu ya washangiliaji ya shule yake, Mahanoy. Siku ya Jumamosi, akiwa nje ya shule, alituma maneno machafu kupitia Snapchat. Shule ilimsimamisha katika timu kwa mwaka mmoja. Tarehe 23 Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 8 dhidi ya 1 kwamba adhabu hiyo ilivunja uhuru wake wa kujieleza. Hata hivyo mahakama haikusema kwamba shule haina mamlaka kabisa nje ya lango lake: uonevu mkubwa au vitisho dhidi ya wanafunzi na walimu vinaweza kuihusu shule hata vikifanyika nyumbani. Kutokana na hukumu hiyo, sera za shule za Marekani zinapaswa kutenganisha neno baya lililosemwa nje ya shule na tendo linalomdhuru mtu.

Picha za wanafunzi nchini Kenya

Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi walio chini ya umri wa miaka 18 bila idhini ya wazazi. Uamuzi huo uliziamsha shule nyingi zilizozoea kutumia picha za watoto kujitangaza. Ulionyesha pia kwamba katika mambo ya kidijitali sheria ni msumeno: humkata mwanafunzi anayesambaza picha ya mwenzake, na huikata shule inayofanya vivyo hivyo.

Hatua za kutunga sera

Hakuna utaratibu mmoja unaofuatwa duniani kote, lakini hatua zifuatazo hupatikana katika miongozo mingi.

Kuunda kamati. Kamati huwa na mwakilishi wa uongozi, walimu wa masomo, mwalimu wa malezi au unasihi, wazazi, wanafunzi na mtu anayesimamia kompyuta za shule. Mwalimu wa kompyuta akiachiwa kazi hii peke yake, sera huelekea kuwa ya vifaa tu.

Kuchunguza hali halisi. Kamati huuliza wanafunzi wanatumia vifaa gani, vya nani, saa ngapi na kwa kazi gani, na ni madhara gani wamewahi kukutana nayo. Maswali ya siri yasiyotaja jina huleta majibu ya kweli zaidi kuliko mkutano wa hadhara, kwa sababu mwanafunzi aliyetumiwa picha chafu au aliyetishwa huona aibu kusema mbele ya watu.

Kupitia sheria za nchi. Sera ya shule haiwezi kuruhusu lililokatazwa na sheria, wala kunyang'anya haki iliyotolewa na sheria.

Kuandika kwa lugha nyepesi. Kanuni isemayo "mwanafunzi asitumie mtandao vibaya" haimsaidii mtu, kwa kuwa kila mmoja ataitafsiri apendavyo. Kanuni iliyo wazi hutaja tendo na njia ya kufuata, kwa mfano: "Mwanafunzi haruhusiwi kusambaza picha ya mwenzake bila ruhusa yake. Akiletewa picha ya kumdhalilisha mtu, asiitume kwa mwingine, bali amjulishe mwalimu wa malezi." Pale ambapo wazazi hawatumii Kiingereza, sera ya Kiingereza pekee huwaacha watie saini jambo wasilolielewa.

Kuijadili na kuipitisha. Rasimu husomwa katika mkutano wa wazazi na katika baraza la wanafunzi kabla ya kupelekwa kwenye bodi au kamati ya shule.

Kuifundisha. Sera hugawanywa katika vipindi vya darasani kulingana na umri. Mtoto wa darasa la tatu hufundishwa kutotaja jina na anwani yake kwa asiyemjua. Kijana wa sekondari hufundishwa kutambua habari za uongo, ulaghai wa fedha kwa simu na vishawishi vya watu wazima wanaojifanya rika lake.

Kuipitia upya. Teknolojia hubadilika haraka, kwa hiyo sera hupewa tarehe ya kuangaliwa tena, aghalabu kila mwaka.

Mambo yanayotajwa katika sera

Vifaa. Sera hueleza kama simu inaruhusiwa shuleni, inahifadhiwa wapi, na nani anaweza kuipekua. Kuichukua simu na kusoma ujumbe uliomo ni mambo mawili tofauti: la pili linagusa faragha ya mwanafunzi na ya watu aliowasiliana nao.

Taarifa binafsi. Hapa huorodheshwa taarifa ambazo shule inakusanya, sababu ya kuzikusanya, mahali zinapotunzwa, muda wake na watu wanaoruhusiwa kuziona. Fomu ya idhini ya picha humpa mzazi nafasi ya kukataa bila mtoto kutengwa na shughuli za shule.

Umri. Mitandao mingi ya kijamii humtaka mtumiaji awe ametimiza miaka 13. Kiwango hicho kinatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayolinda faragha ya watoto walio chini ya umri huo. Mwalimu anayewaagiza wanafunzi wa miaka 11 kufungua akaunti kwa ajili ya kazi ya nyumbani anawafundisha kudanganya umri wao.

Uonevu na picha za utupu. Sera hutaja mtu wa kupewa taarifa, muda wa kushughulikia na ulinzi wa aliyetoa taarifa. Katika nchi nyingi picha ya utupu ya mtu aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai kuimiliki au kuisambaza, hata kama aliipiga mwenyewe. Kwa sababu hiyo mwalimu hashauriwi kuinakili kwenye simu yake kama ushahidi. Anapaswa kukabidhi suala kwa vyombo vya sheria, kama vile Dawati la Jinsia na Watoto la polisi nchini Tanzania. Simu ya bure ya msaada kwa watoto, namba 116, hutumika Tanzania, Kenya na Uganda.

Kazi za masomo. Sehemu hii huhusu hakimiliki, kunakili kazi za wengine na matumizi ya akili bandia. Shule nyingi hutofautisha kumwomba mashine ufafanuzi wa somo na kuwasilisha insha iliyoandikwa na mashine kana kwamba ni kazi ya mwanafunzi.

Adhabu na rufaa. Adhabu hupangwa kwa uzito wa kosa, na mwanafunzi hupewa nafasi ya kujieleza. Mkataba wa Haki za Mtoto, katika kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu.

Hali katika Afrika ya Mashariki

Nchini Kenya, mtaala wa umilisi una stadi saba za msingi, na mbili kati yake ni uraia na ujuzi wa kidijitali. Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa vishikwambi kwa shule za msingi za umma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na matumizi hayo yawe kwa manufaa ya mtoto huyo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inataja uonevu wa mtandaoni na picha chafu za watoto miongoni mwa makosa ya jinai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na husimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Uganda ilitunga sheria yake ya ulinzi wa data mwaka 2019. Rwanda ilipata sera ya kuwalinda watoto mtandaoni mwaka 2019 na sheria ya taarifa binafsi mwaka 2021.

Shule nyingi za bweni za Tanzania na Kenya hukataza kabisa simu za wanafunzi. Katazo hilo huleta utulivu wa masomo na huzuia wizi na ugomvi mabwenini, lakini haliwafikii wanafunzi wakati wa likizo, wanaporudi nyumbani na kutumia simu za wazazi au ndugu zao. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, baadhi ya walimu walituma kazi kwa simu kwa wanafunzi ambao shule ilikuwa haijawahi kuwafundisha namna ya kuitumia. Wale waliokosa simu au bando walibaki nyuma. Kwa sababu hiyo, shule inaweza kuendelea na katazo la simu na wakati huohuo ikafundisha uraia wa kidijitali darasani, kwa kompyuta chache zilizopo au hata kwa mifano ya ubaoni.

Mijadala na ukosoaji

Simu shuleni. Mwaka 2018 Ufaransa ilipiga marufuku kwa sheria matumizi ya simu kwa wanafunzi wa shule za msingi na sekondari ya chini. Australia ilitunga mwaka 2024 sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti za mitandao ya kijamii, iliyoanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025. Wanaounga mkono hutaja usikivu darasani na afya ya akili. Wanaopinga husema marufuku huahirisha tatizo, kwa kuwa kijana ataingia mtandaoni siku moja bila kuwa amefundishwa.

Ufuatiliaji. Programu za kufuatilia wanafunzi huuzwa kama njia ya kuwalinda. Wakosoaji hujibu kwamba mtoto anayejua anatazamwa wakati wote huogopa kutafuta msaada, hasa kuhusu afya au ukatili wa nyumbani. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilitaja uchunguzi uliogundua kwamba asilimia 89 ya bidhaa 163 za kufundishia zilizopendekezwa wakati wa janga la UVIKO-19 ziliweza kuwapeleleza watoto. Ripoti hiyo ilieleza pia kwamba ni asilimia 16 tu ya nchi zilizokuwa na sheria inayolinda waziwazi faragha ya data katika elimu.

Usawa. Sera inayodhania kwamba kila mwanafunzi ana simu na intaneti nyumbani humwadhibu asiye navyo. Baadhi ya shule huandika kwamba kazi yoyote ya mtandaoni lazima iwe na njia mbadala ya karatasi, au huwafungulia wanafunzi maabara ya kompyuta baada ya masomo.

Utii au uraia. Baadhi ya waelimishaji hulalamika kwamba shule hutumia neno uraia wakati zinapomaanisha nidhamu tu. Kwa maoni yao, kipimo cha sera ni maswali matatu: kama wanafunzi walishiriki kuitunga, kama inawapa mahali pa kulalamika dhidi ya mtu mzima, na kama mkuu wa shule na walimu wanafungwa nayo kama wanafunzi.

Tazama pia

Haki za watoto
Faragha
Mitandao ya kijamii
Usalama wa mtandao